Mwalimu wa Schwenningen aliyeingia Bunge la Bonn: majibu kwa maswali yenu

Huyu Erhard Eppler ni nani hasa? Babu yangu, aliyefanya kazi na Wajerumani mkoani Tanga, humwita "yule waziri mwalimu". Sisi wajukuu hatumjui. Je, alikuwa waziri wa elimu? — Msomaji, Korogwe

Babu yako hajakosea. Eppler alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuwa mbunge, na mbunge kabla ya kuwa waziri. Ila hakuwa waziri wa elimu. Ujerumani shule ziko chini ya majimbo, na yeye alishika Wizara ya Ushirikiano wa Kiuchumi, ile inayosimamia misaada kwa nchi zinazoendelea.

Alizaliwa Ulm, kusini mwa Ujerumani, tarehe 9 Desemba 1926, akakulia Schwäbisch Hall, mji mdogo ambako baba yake alikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Alisoma Kiingereza, Kijerumani na historia katika vyuo vikuu vya Frankfurt, Bern na Tübingen. Mwaka 1951 akapata udaktari hapo Tübingen kwa utafiti juu ya shujaa anayeasi na shujaa anayekata tamaa katika tamthilia za Kiingereza za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kuanzia 1953 hadi 1961 alifundisha Schwenningen, mji wa viwanda vya saa kwenye chanzo cha mto Neckar. Septemba 1961 alichaguliwa kuingia Bundestag, yaani Bunge la Shirikisho, akakaa humo miaka 15. Uwaziri aliushika kuanzia Oktoba 1968 hadi Julai 1974, chini ya makansela watatu: Kiesinger, Brandt na Schmidt. Alifariki Schwäbisch Hall tarehe 19 Oktoba 2019, akiwa na miaka 92.

Kwa maoni yetu, maisha yake hayaeleweki mpaka ukumbuke kwamba siasa haikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa na taaluma, ana vyeti vyake, na sheria ya nchi yake ilimlindia nafasi ya kuirudia. Mtu wa namna hiyo husema "hapana" mbele ya kansela kwa sauti tofauti na mtu ambaye ubunge ndio riziki yake pekee. Maswali mengi yaliyotufikia yanarudi hapo hapo, ndiyo maana tumejibu kwa kirefu suala la ajira.

Nimesoma kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Aliruhusiwaje kufundisha watoto? — Msomaji, Nairobi

Ni kweli. Jina lake liliingizwa kwenye daftari la chama hicho, NSDAP, wakati wa vita, akiwa bado mvulana. Jambo hilo lisifichwe, na tusiliongezee chumvi pia.

Tazama umri kwanza. Kuanzia Februari 1943 wavulana wa sekondari waliozaliwa 1926 na 1927 waliitwa kuhudumia mizinga ya kutungulia ndege. Walilala kwenye kambi za mizinga, na walimu wakawafuata huko huko kuwafundisha masomo machache. Eppler alipita njia hiyo, kisha akaingizwa jeshini. Mtihani wake wa kumaliza sekondari aliufanya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Halafu tazama utaratibu wa kuwasafisha waliokuwa Wanazi. Baada ya vita Schwäbisch Hall ilikuwa katika kanda iliyotawaliwa na Wamarekani. Huko sheria ya tarehe 5 Machi 1946 ilimtaka kila mtu aliyezidi miaka 18 ajaze fomu, kisha baraza la wananchi lilimpanga katika moja ya makundi matano: wahalifu wakuu, waliohusika sana, waliohusika kidogo, waliofuata mkumbo, na wasio na hatia. Agosti 1946 ukatolewa msamaha kwa vijana wote waliozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1919, isipokuwa wale walioangukia makundi mazito. Hoja ilikuwa kwamba mtoto aliyekuwa na miaka 14 au chini Hitler alipochukua madaraka hakuchagua shule wala redio aliyoisikiliza. Mtu wa mwaka 1926 aliingia moja kwa moja kwenye msamaha huo.

Mpango wenyewe uliharibika mahali pengine. Mabaraza yalianza na kesi nyepesi kwa sababu zilikuwa rahisi kuzimaliza, yakaahirisha zile nzito. Kufikia 1948 Wamarekani walikuwa na haraka ya kufunga kazi, hivyo wakubwa waliofikishwa mwishoni walipata hukumu laini kuliko wadogo waliotangulia. Kisha sheria ya Mei 1951 ikafungua mlango kwa watumishi wengi wa umma walioachishwa mwaka 1945. Mwalimu kijana aliyeanza kazi mwaka 1953 angeweza kabisa kuketi chumba kimoja cha walimu na wazee waliowahi kufukuzwa na kurudishwa. Mzigo wa kuwaeleza wanafunzi miaka ile 12 uliwaangukia zaidi vijana kuliko wazee hao, na hilo ni la kusikitisha.

Kwa Eppler, aliyemfungua macho kisiasa ni Gustav Heinemann, ambaye alikutana naye alipokuwa mwanafunzi Bern. Heinemann alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, akajiuzulu Oktoba 1950 kupinga mpango wa Kansela Adenauer wa kuijenga upya nguvu ya kijeshi. Mwaka 1952 alianzisha chama kidogo, GVP, na Eppler akajiunga. Katika uchaguzi wa 1953 chama hicho kilipata asilimia 1.2 tu ya kura. Eppler aliingia SPD, chama cha kisoshalidemokrasia, mwaka 1956, na GVP ikavunjwa mwaka uliofuata. Mwanafunzi huyo alikuwa ameshaona kwa macho yake mtu akiacha uwaziri kwa ajili ya msimamo. Tutalirudia hilo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naomba hatua kamili: Mjerumani anasomea vipi ualimu wa sekondari, na wapi watu wanakwama? — Msomaji, Mwanza

Mwalimu mwenzetu, njia ya Gymnasium, shule ya sekondari inayompeleka mtoto chuo kikuu, haijabadilika sana mifupa yake tangu enzi za Eppler.

Unaanza kwa kusoma chuo kikuu masomo yasiyopungua mawili ya kufundishia. Unayasoma kama msomi wa fani yenyewe: anayesomea Kiingereza hukaa na wanafunzi wengine wa Kiingereza, anachambua maandishi ya karne zilizopita. Mwisho wake, enzi zile, ulikuwa mtihani wa kwanza wa serikali. Siku hizi majimbo mengi yameweka shahada ya uzamili mahali pake.

Kisha unaingia kipindi cha mafunzo kazini. Kilikuwa kwa kawaida cha miaka miwili. Leo Baden-Württemberg, jimbo alikofundisha Eppler, ni miezi 18. Unalipwa posho, unafundisha vipindi vichache chini ya mwalimu mlezi, na siku nyingine unahudhuria semina ya ufundishaji. Wakaguzi huja kukaa nyuma ya darasa lako kwa somo zima. Kabla ya somo unawakabidhi andalio lililoandikwa: lengo, hatua, dakika za kila hatua, maswali utakayouliza na majibu unayoyatarajia. Baada yake unakaa nao kutetea kila ulichokifanya. Ukivuka, unafanya mtihani wa pili wa serikali, halafu unaajiriwa kwa majaribio, na ukithibitishwa unakuwa mtumishi wa umma wa maisha.

Watu hukwama kwenye somo la ukaguzi, na sababu ni ile ile miaka nenda rudi: anayelijua sana somo lake huzungumza yeye dakika 40 kati ya 45. Wakaguzi hawapimi alichosema mwalimu. Wanapima wanafunzi walifanya nini. Kikwazo cha pili ni alama. Ujerumani 1 ndiyo bora kabisa na 6 ndiyo mbaya kabisa. 4 ni kufaulu kwa kuponea chupuchupu. Alama za mitihani huunganishwa, na nafasi zikiwa chache jimbo hushuka na orodha kuanzia juu. Mwenye 1.8 anapata kituo, mwenye 3.1 anasubiri, hata kama wote wamefaulu.

Baada ya vita, upande wa mashariki, kanda ya Wasovieti, mambo yalikwenda kinyume. Huko waliwaondoa walimu wa zamani kwa wingi na kuwaweka "walimu wapya", vijana wafanyakazi na wakulima waliopewa kozi ya miezi michache tu kisha wakatupwa darasani. Faida ni kwamba safu ilisafishwa kweli. Hasara ni kwamba wengi walijifunza usiku kile walichotakiwa kufundisha asubuhi.

Je, mwalimu akichaguliwa mbunge anapoteza ajira? Huku kwetu anayetaka siasa huambiwa achague moja. — Msomaji, Tabora

Tabora ndipo Julius Nyerere alipofundisha, St Mary's, kabla ya kwenda Edinburgh. Aliporudi akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akalazimika kuchagua kati ya ualimu na TANU. Akaacha ualimu. Kwa hiyo swali lako lina mizizi.

Ujerumani ilichagua njia nyingine. Katiba ya 1949, ibara ya 48, inasema mambo matatu: mgombea ana haki ya likizo ya kujiandaa na uchaguzi, hakuna anayeruhusiwa kumzuia mtu kuushika ubunge, na kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo ni marufuku. Ibara ya 137 inaweka breki upande wa pili: sheria inaweza kuwawekea watumishi wa umma mipaka, kwa sababu mtu mmoja hapaswi kuwa mtekelezaji wa serikali asubuhi na msimamizi wa serikali hiyo hiyo jioni.

Wakati wa Eppler ilitumika sheria ya Agosti 1953. Mtumishi wa umma aliyeingia Bundestag aliwekwa kwenye ustaafu siku alipoukubali ubunge, akawa analipwa pensheni huku anapokea posho ya mbunge. Ubunge ukiisha, aliweza kuomba arudishwe. Kwa mwalimu lilikuwa jambo jema kupita kiasi, na ndilo lililoleta kasoro: mwalimu mbunge alikuwa na mapato mawili ya umma, wakati fundi seremala mbunge alifunga karakana yake na kubaki na posho tupu. Bunge likajaa watumishi wa umma, wakiwemo walimu wengi sana. Tarehe 5 Novemba 1975 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililotoka jimbo la Saarland, iliamua kwamba mbunge alipwe kama mtu mwenye kazi kamili, akatwe kodi kama raia wengine, na malipo ya upendeleo kwa watumishi wa umma yakome. Kuanzia Aprili 1977 kila mbunge wa Bundestag akalipwa mark 7,500 (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) kwa mwezi, zenye kukatwa kodi.

Hivi ndivyo inavyokwenda chini ya sheria ya 1977, ambayo bado ndiyo msingi:

Mgombea anaomba likizo ya hadi miezi miwili kabla ya siku ya kura. Ni likizo bila malipo, kwa hiyo aweke akiba mapema. Akishinda, haki na wajibu wa utumishi wake vinalala. Habaki na mshahara wa ualimu, lakini siri za kazi bado anazitunza. Ubunge ukiisha, ana miezi mitatu ya kupeleka ombi la kurudi, na mwajiri anatakiwa kumrudisha ndani ya miezi mitatu tangu ombi lifike. Si lazima apewe shule ile ile, wala dawati lake la zamani. Anachodai kisheria ni cheo cha ngazi moja na kile alichokiacha, na mshahara wa msingi usiopungua. Asipoomba kwa wakati, haki zake zinaendelea kulala. Hapo ndipo wengi hujiumiza: wanaposhindwa uchaguzi wanangoja chama kiwatafutie kitu, wiki zinapita, na dirisha linafungwa.

Eppler hakurudi darasani. Lakini mlango ulikuwapo, na alijua uko wapi.

Na walimu wanawake je? Mbona historia hizi ni za wanaume watupu? — Msomaji, Mombasa

Dada, umegusa kidonda. Katika miaka ile ile ambayo Eppler alianza kufundisha, Baden-Württemberg mwalimu mwanamke aliyeolewa aliweza kuachishwa kazi kwa sababu tu ameolewa. Kanuni hiyo ya "mwalimu bikira" ilifutwa kwenye katiba ya 1919, ikarudishwa kwa mlango wa nyuma mwaka 1923 wakati serikali ilipopunguza watumishi, ikadumu katika jimbo hilo hadi 1956. Mwalimu mwanamume mwenye mke na watoto alipanda cheo. Mwanamke aliambiwa mshahara mmoja kwa nyumba unatosha.

Ukitaka mwalimu mwanamke aliyefika bungeni, mtafute Helene Weber, aliyezaliwa Elberfeld mwaka 1881. Alifundisha shule ya msingi, akasomea chuo kikuu, akafundisha sekondari Bochum na Köln, na mwaka 1916 akaongoza shule ya ustawi wa jamii ya wanawake Köln. Alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba la Weimar mwaka 1919, akawa ofisa wa juu katika wizara ya ustawi ya Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani wakati ule, na mwaka 1933 Wanazi walimwachisha kazi kwa kutomwamini. Miaka 15 baadaye aliketi katika baraza lililoandika katiba ya Ujerumani Magharibi: wajumbe 65, wanawake wanne tu, yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa mbunge wa CDU, chama cha Wakristo wa kidemokrasia, kuanzia 1949 hadi alipofariki Julai 1962. Kwa hiyo kwa miezi michache yeye na Eppler walikuwa katika Bundestag moja, mmoja akimaliza safari, mwingine akiianza, katika vyama viwili vinavyopingana.

Nimesikia Eppler hakuwahi kushinda jimbo la uchaguzi. Basi alikuwa mbunge wa nani? — Msomaji, Dodoma

Aliingia kwa orodha ya SPD ya jimbo la Baden-Württemberg. Usiifananishe haraka na viti maalumu vya kwetu. Hesabu yake ni tofauti.

Tangu 1953 Mjerumani hupiga kura mbili. Ya kwanza ni kwa mtu katika jimbo la uchaguzi. Ya pili ni kwa orodha ya chama. Kura ya pili ndiyo inayoamua chama kipate viti vingapi kwa jumla. Chama kisichofikisha asilimia 5 nchi nzima, wala kushinda majimbo ya uchaguzi machache yaliyowekwa na sheria, hakigawiwi kitu. Kutoka jumla ya viti vya chama huondolewa vile ambavyo watu wake wameshinda moja kwa moja katika majimbo ya uchaguzi. Vinavyobaki hujazwa kutoka kwenye orodha, kuanzia jina la kwanza kushuka.

Mwaka 1961 viti viligawanywa kwa njia ya d'Hondt. Chukua karatasi ujaribu. Tuseme vyama vitatu vimepata kura 100,000, 70,000 na 24,000, na kuna viti 7. Gawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Chama cha kwanza: 100,000, 50,000, 33,333, 25,000, 20,000. Cha pili: 70,000, 35,000, 23,333. Cha tatu: 24,000, 12,000. Sasa okota namba 7 kubwa kuliko zote: 100,000, 70,000, 50,000, 35,000, 33,333, 25,000, 24,000. Chama cha kwanza viti 4, cha pili 2, cha tatu 1. Ukiwa na viti 6 tu, chama cha tatu kinaondoka mikono mitupu. Njia hii huvipendelea kidogo vyama vikubwa, na Wajerumani waliiacha katika miaka ya 1980.

Kwa mgombea wa SPD katika eneo ambalo CDU ilikuwa na ngome yake, hesabu hii ndiyo uhai. Kampeni ya jimbo la uchaguzi unaifanya, unagonga milango, lakini vita halisi vimeshapiganwa miezi kadhaa nyuma, katika mkutano mkuu wa chama wa jimbo, wajumbe walipopigia kura mpangilio wa majina. Nafasi ya 5 ni bungeni. Nafasi ya 40 ni pole. Wageni wa siasa hukosea hapo: wanatumia nguvu zote kwenye mabango, wanasahau mkutano wa wajumbe. Mwalimu ana faida katika mikutano hiyo, kwani anajua kueleza jambo gumu kwa dakika kumi bila kuwapoteza watu.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana baadaye. Eppler alipoongoza SPD kuwania uongozi wa Baden-Württemberg yenyewe, alishindwa mara mbili: mwaka 1976 dhidi ya Hans Filbinger na mwaka 1980 dhidi ya Lothar Späth, CDU ikizidi nusu ya kura zote mara zote mbili. Orodha humbeba mtu mwenye hoja. Kuushinda umma wa jimbo zima lenye mazoea yake ni kazi nyingine.

Uhusiano wake na Mwalimu Nyerere ulikuwaje, na Tanzania ilipata nini? — Msomaji, Muheza

Lazima tuanze na ugomvi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na kanuni kwamba nchi yoyote inayoitambua Ujerumani Mashariki inaadhibiwa. Ulipokuja Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Nyerere alirithi ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Visiwani. Akatafuta njia ya kati: mwanzoni mwa 1965 akakubali wawe na ofisi ya ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn ikajibu kwa kuwaondoa wataalamu wake waliokuwa wakifundisha kikosi cha anga. Nyerere naye akawaambia wachukue na misaada mingine ya serikali yao iliyobaki. Bonn haikutegemea nchi maskini itajibu hivyo.

Eppler alipoingia wizarani miaka mitatu baadaye, alikuta misaada bado inatumika kama fimbo. Yeye aliona kwamba msaada wa maendeleo upimwe kwa maendeleo, usigeuzwe malipo ya kura za kidiplomasia. Serikali ya Brandt iliyoingia Oktoba 1969 iliacha kanuni ile ya adhabu, na Februari 1971 baraza la mawaziri likapitisha dira ya sera ya maendeleo iliyoandaliwa na wizara ya Eppler. Badala ya mradi mmoja mmoja uliobuniwa na kampuni yenye mtambo wa kuuza, kila nchi ipangiwe kwa ujumla wake, kwa kuanzia na mipango yake yenyewe. Kilimo, ajira na elimu vipewe uzito.

Nyerere, aliyekuwa ametoa Azimio la Arusha na waraka wa elimu ya kujitegemea mwaka 1967, alikuwa mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo, na Eppler alimheshimu sana. Wote wawili walikuwa walimu. Mmoja aliandika udaktari juu ya tamthilia za enzi ya Shakespeare, mwingine alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku akiongoza nchi. Sisi hatuoni ajabu kwamba walielewana.

Kwa ninyi wa Muheza, Korogwe, Lushoto, Handeni na Pangani, matunda ya ushirikiano wa miaka ya 1970 yana jina: TIRDEP, mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa wa Tanga. Wazo la mpango wa mkoa mzima, unaounganisha barabara, maji, kilimo na afya, ndilo lile la kuacha mradi mmoja mmoja. Kasoro yake ikajulikana pia: mpango wenye mambo mengi ulihitaji wataalamu wengi, magari mengi na vipuri kutoka nje, na fedha za mfadhili zilipopungua halmashauri hazikuweza kubeba gharama za kuviendesha. Vilivyodumu ni vile ambavyo mkulima aliweza kuvifanya kwa jembe lake, kama mistari ya majani ya Guatemala kwenye miteremko ya Lushoto, inayozuia udongo na kulisha ng'ombe wa zizini.

Kwa nini alijiuzulu? Wengine wanasema alifukuzwa. — Msomaji, Dar es Salaam

Alijiuzulu mwenyewe, Julai 1974, kwa sababu ya tarakimu.

Oktoba 1970 Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato la taifa kama msaada wa maendeleo. Maana yake, katika kila mark 1,000 ambazo uchumi unazalisha, 7 ziende. Ujerumani Magharibi wakati huo ilikuwa haijafika hata nusu ya lengo. Eppler hakudai ifike kwa mwaka mmoja. Alichotaka ni mpango wa fedha wa miaka kadhaa ambamo fungu la wizara linapanda hatua kwa hatua. Mpango wa namna hiyo una udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kushika bajeti: ukikata ongezeko la mwaka wa kwanza, miaka yote inayofuata inaanzia chini, na lengo linasogea mbali bila mtu yeyote kutangaza kwamba limeachwa.

Hicho ndicho kilichotokea. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipaa. Mei 1974 Brandt aliondoka, akaingia Helmut Schmidt, aliyekuwa waziri wa fedha, na baraza lake likapunguza nyongeza zilizokuwa zimepangwa kwa wizara ya Eppler. Wengine wangepokea kata hiyo na kuandika barua ya kulalamika. Eppler aliona kwamba akibaki atakuwa anatetea kila wiki, mbele ya wageni kutoka nchi maskini, hesabu asiyoiamini. Akaondoka, na kiti chake kikachukuliwa na Egon Bahr. Mwanzoni mwa Julai hiyo hiyo, Heinemann, yule aliyejiuzulu mwaka 1950, alikuwa amemaliza muda wake wa urais wa nchi, na aliyempokea urais ni Walter Scheel, ambaye mwaka 1961 alikuwa waziri wa kwanza kabisa wa wizara ile ile.

Eppler hakunyamaza baadaye. Alikaa Bundestag hadi 1976, akahamia bunge la jimbo hadi 1982, akaongoza tume ya misingi ya SPD kuanzia 1973 kwa karibu miaka 20, na tarehe 10 Oktoba 1981 alihutubia mkutano mkubwa wa amani Bonn kupinga makombora mapya ya nyuklia, dhidi ya msimamo wa kansela wa chama chake mwenyewe.

Na ile asilimia 0.7? Ujerumani ilifikisha kwa mara ya kwanza katika hesabu za mwaka 2016, lakini ndani yake zilihesabiwa gharama za kuwahifadhi wakimbizi ndani ya Ujerumani yenyewe. Ukiziondoa, inabaki kama 0.5. Takwimu hizo zilipotangazwa mwaka 2017, Eppler alikuwa na miaka 90.